Benki ya chakula

Benki ya chakula ni taasisi isiyolenga faida ambayo hupokea chakula kilichozidi mahitaji ya soko lakini bado ni salama kuliwa, hukihifadhi katika ghala, kisha hukigawa ili kiwafikie watu wenye njaa. Kwa kawaida benki hiyo haimpi chakula mlaji moja kwa moja. Hukitoa kwa parokia, misikiti, mahekalu, shule, makao ya watoto, vikundi vya mtaa na mashirika madogo ya hisani, ambayo ndiyo yanayowajua wahitaji kwa majina na hali zao.

Benki ya kwanza ya aina hiyo ilianzishwa mwaka 1967 mjini Phoenix, katika jimbo la Arizona, nchini Marekani, kwa msaada wa parokia moja ya Kanisa Katoliki. Tangu hapo mfumo huo umeenea katika mabara yote yanayokaliwa na watu. Karibu kila mahali ulikofika umetegemea ushirikiano wa jumuiya za dini na vikundi vya wenyeji: benki hutoa ghala, malori na hesabu, nazo jumuiya hutoa ukumbi, watu wa kujitolea na imani ya majirani.

Hata hivyo mfumo huo una wahakiki wake, wakiwemo baadhi ya wale wanaouendesha. Swali lao kuu ni kama benki za chakula zinaondoa njaa au zinaipunguza makali tu, wakati chanzo chake kinabaki palepale.

## Asili ya mfumo

### Wajibu wa kulisha katika dini mbalimbali

Benki ya chakula ni taasisi ya karne ya 20, lakini desturi zinazoitegemeza ni za zamani sana.

Katika Uyahudi, Torati inamwagiza mkulima asivune pembe za shamba lake wala asirudie kuokota masazo, kwa kuwa hayo ni fungu la maskini na mgeni. Kitabu cha Ruthu kinasimulia habari za mjane aliyeishi kwa haki hiyo. Baadaye marabi walipanga namna mbili za msaada katika kila mji: chungu cha chakula kilichokusanywa na kugawiwa kila siku, na mfuko wa fedha uliogawiwa kila wiki.

Katika Ukristo, Matendo ya Mitume kinaeleza kwamba jumuiya ya kwanza ya Yerusalemu iliwateua watu saba kwa sababu wajane wa kundi mojawapo walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Wakati wa njaa iliyoikumba Kapadokia karibu na mwaka 369, Basili Mkuu aliwahimiza matajiri wafungue maghala yao, na yeye mwenyewe akapanga ugawaji wa chakula kwa wenye njaa.

Katika Uislamu, zaka ni mojawapo ya nguzo tano, na mafukara na maskini ndio wanaotajwa kwanza kati ya makundi manane yanayostahili kuipokea. Mwishoni mwa Ramadhani kila Mwislamu mwenye uwezo hutoa zakatul-fitri, ambayo kwa asili ni kipimo cha nafaka au chakula kikuu cha mahali, nayo hutolewa kabla ya sala ya Idi ili maskini nao wale siku hiyo. Wakfu pia ulitumika kulisha watu. Mwaka 1552 Hürrem Sultan, mke wa Sultani Suleiman I, aliweka wakfu jiko kubwa la maskini mjini Yerusalemu, nalo liliendelea kupika kwa karne nyingi.

Katika Usikh, kila gurdwara huwa na langar, yaani jiko linalotoa chakula bila malipo kwa yeyote anayeingia, awe wa dini yoyote. Desturi hiyo inahusishwa na Guru Nanak (1469–1539), mwanzilishi wa dini hiyo. Wote huketi sakafuni katika mstari mmoja, ili tofauti za tabaka zisionekane. Jiko la Hekalu la Dhahabu mjini Amritsar, nchini India, hulisha makumi ya maelfu ya watu kila siku.

Desturi hizo zinafanana katika jambo moja: chakula kinachotolewa hakihesabiwi kuwa ukarimu wa mtoaji tu, bali ni fungu la mhitaji ambalo mwenye nacho hana ruhusa ya kulizuia.

### John van Hengel na ghala la Phoenix

Mwanzilishi wa mfumo wa sasa ni John van Hengel (1923–2005), mzaliwa wa Waupun, katika jimbo la Wisconsin. Baada ya kuumia alipokuwa akifanya kazi katika machimbo ya mawe, alihamia Arizona, akaanza kujitolea katika jiko la maskini la Chama cha Mtakatifu Visenti wa Paulo mjini Phoenix.

Katika kutafuta chakula cha jiko hilo aligundua kwamba machungwa na matunda mengine yalikuwa yakiozea miti ya watu, akaomba ruhusa ya kuyachuma. Punde alipata matunda mengi kuliko jiko lilivyoweza kutumia. Wakati huohuo alikutana na mama mmoja mwenye watoto wengi ambaye alikuwa akiwalisha kwa vyakula vilivyotupwa nyuma ya duka. Mama huyo alimweleza kwamba chakula hicho hakikuwa na kasoro, na kwamba pangefaa pawe na mahali kama benki, ambapo wenye ziada wangeweka chakula na wenye shida wangekichukua. Jina la mfumo huu lilitokana na mazungumzo hayo.

Van Hengel alipeleka wazo hilo kwa parokia ya Basilika ya Mtakatifu Maria mjini humo. Parokia ilimpatia dola 3,000 na jengo la mkate lililokuwa limeachwa. Katika mwaka wa kwanza ghala hilo, lililoitwa St. Mary's Food Bank, liligawa zaidi ya tani 110 za chakula.

Tofauti kati ya kazi hiyo na majiko ya maskini ya zamani ilikuwa kwamba ghala halikujenga jiko lake. Lilihudumia majiko na vituo vilivyokuwepo tayari, vya madhehebu yote na visivyo vya dini, kwa sharti kwamba chakula kisiuzwe. Hivyo chama kidogo cha mtaa, ambacho kisingeweza kupokea lori zima la viazi, kiliweza kupata magunia mawili yaliyokitosha.

## Kuenea

### Marekani na Kanada

Mwaka 1976 sheria ya kodi ya Marekani ilibadilishwa ili kampuni zinazotoa bidhaa zake kwa mashirika ya hisani zipate nafuu kubwa zaidi ya kodi. Kuanzia hapo ikawa na maana ya kifedha kwa viwanda kutoa chakula badala ya kukitupa. Kwa msaada wa fedha za serikali kuu, van Hengel alisaidia miji mingine kufungua benki zake, na mwaka 1979 ulianzishwa mtandao wa kitaifa ulioitwa Second Harvest, yaani "mavuno ya pili". Jina hilo linakumbusha masazo ya mavuno yanayotajwa katika Biblia. Mwaka 2008 mtandao huo ulibadilisha jina kuwa Feeding America. Siku hizi una benki za chakula zipatazo 200, zinazohudumia vituo vya mgao na majiko yapatayo 60,000. Sehemu kubwa ya vituo hivyo iko katika kumbi za makanisa na nyumba nyingine za ibada.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyogeuza jaribio hilo kuwa taasisi ya kudumu. Uchumi ulidorora na viwanda vingi vikafungwa, nayo serikali ya Rais Ronald Reagan ikapunguza matumizi ya misaada ya chakula. Wakati huohuo maghala ya serikali yalijaa jibini iliyonunuliwa ili kulinda bei ya maziwa ya wafugaji. Kuanzia Desemba 1981 jibini hiyo ilianza kugawiwa kwa maskini, na waliobebeshwa kazi ya kuifikisha walikuwa hasa makanisa na vyama vya hisani. Mpango huo uliokusudiwa kuwa wa muda umebaki hadi leo.

Nchini Kanada benki ya kwanza ilifunguliwa mjini Edmonton mwaka 1981.

### Ulaya

Nchini Ufaransa chanzo kilikuwa makala ya gazeti. Mwaka 1984 Sista Cécile Bigo aliandika katika gazeti la Kikatoliki La Croix kuhusu watu wenye njaa katikati ya nchi inayotupa chakula. Bernard Dandrel, mmojawapo wa walioisoma, aliunganisha mashirika kadhaa, yakiwemo Secours Catholique, Emmaüs, Jeshi la Wokovu na shirika la misaada la Waprotestanti, na mwaka huohuo benki ya kwanza ya Ulaya ilifunguliwa katika kitongoji cha Paris. Shirikisho la Ulaya la benki za chakula liliundwa mwaka 1986.

Nchini Italia, Banco Alimentare ilianzishwa mwaka 1989 kutokana na ushirikiano wa mwenye kiwanda cha vyakula Danilo Fossati na padri Luigi Giussani, mwanzilishi wa harakati ya Komunyo na Ukombozi. Tangu mwaka 1997, mwezi Novemba, watu wa kujitolea husimama kwenye milango ya supamaketi nchini kote na kuwaomba wanunuzi wamnunulie maskini kitu kimoja cha ziada.

Nchini Uingereza, Carol na Paddy Henderson walianzisha shirika la Trussell Trust mwaka 1997 ili kuwasaidia watoto wa mitaani nchini Bulgaria. Mwaka 2000, baada ya kupigiwa simu na mama wa mji wao wa Salisbury aliyesema kwamba watoto wake wangelala njaa usiku huo, walifungua kituo cha chakula hapohapo nyumbani. Mfumo wao ulienea kupitia makanisa ya mahali. Tofauti na Marekani, mtu hupewa kwanza vocha na daktari, mwalimu, ofisa ustawi wa jamii au mshauri wa madeni, kisha huipeleka kwenye kituo na kupewa chakula cha siku tatu. Katika mwaka wa 2012–13 vituo hivyo vilitoa msaada mara 347,000 hivi. Katika mwaka wa 2023–24 idadi ya vifurushi ilizidi milioni 3.

### Afrika

Barani Afrika benki za chakula zilifuata karne ya 21. Benki ya Chakula ya Misri ilianzishwa mwaka 2006 na wafanyabiashara. Pamoja na kukusanya ziada ya hoteli na viwanda, hupanga vifurushi vya Ramadhani na kupokea michango ya Waislamu kwa ajili ya wanyama wa kuchinjwa wakati wa Idi kubwa, ili nyama iwafikie maskini hata katika mikoa ya mbali. Nchini Afrika Kusini mtandao wa FoodForward SA umefanya kazi tangu mwaka 2009. Nchini Kenya shirika la Food Banking Kenya hukusanya hasa mboga na matunda ambayo hayakupata soko. Mengi ya mashirika hayo yameunganishwa na mtandao wa kimataifa wa benki za chakula ulioanzishwa mwaka 2006.

Katika Afrika Mashariki, hata hivyo, kazi kubwa ya kulishana hupitia njia za zamani zaidi zisizoitwa benki. Misikiti ya pwani na bara huandaa futari ya pamoja mwezi wa Ramadhani. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa kanda hii walizifanya kuwa kipaumbele katika miaka ya 1970, huchangishana unga, maharagwe na sukari kwa ajili ya mgonjwa au familia iliyofiwa. Gurdwara ya Makindu, iliyojengwa na Wasikh (wanaoitwa pia Singasinga) mwaka 1926 kando ya reli kati ya Mombasa na Nairobi, huwapa wasafiri wote chakula bila malipo. Wanaofika huombwa tu kuvua viatu, kufunika kichwa na kutobakiza chakula kwenye sahani.

## Namna ya kazi

### Vyanzo vya chakula

Chakula cha benki hutoka sehemu kuu nne:

- Viwanda na wauzaji wa jumla, ambao hutoa bidhaa zenye kasoro ya kibandiko au ya kifungashio, zilizozalishwa kupita kiasi, au zinazokaribia tarehe ya mwisho wa matumizi.
- Wakulima, ambao huruhusu watu wa kujitolea kuokota masazo shambani, au hutoa mazao ambayo soko limeyakataa kwa umbo au ukubwa wake.
- Serikali, inayonunua ziada ya wakulima ili kulinda bei.
- Watu binafsi, kupitia makusanyo ya shule, nyumba za ibada na supamaketi.

Makusanyo ya makopo kanisani au shuleni yanajulikana zaidi, lakini kwa uzito huwa ni sehemu ndogo. Faida yake nyingine ni kwamba huwafanya watu wa kawaida waone tatizo la njaa kuwa lao.

### Ghala

Chakula kikifika hupimwa, huchambuliwa na kupangwa kwa aina. Makopo yaliyobonyea kwenye mshono au kuvimba hutupwa, kwa kuwa yanaweza kuwa na sumu. Nyama, maziwa na mboga huhitaji vyumba baridi na malori yenye majokofu. Ndiyo sababu benki nyingi zilianza na vyakula vikavu, na kufika kwenye mboga na matunda baada ya miaka mingi. Kazi ya kuchambua hufanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea: wanafunzi, wastaafu, wafanyakazi wa kampuni na waumini wa dini mbalimbali wanaosimama meza moja.

### Kugawana kati ya benki

Kugawa chakula kwa haki kati ya mamia ya benki si jambo rahisi. Kwa miaka mingi mtandao wa Marekani ulitumia foleni: benki iliyofikiwa na zamu yake ilipewa kilichokuwepo, iwe inakihitaji au la. Hivyo viazi viliweza kupelekwa Idaho, jimbo ambalo tayari lina viazi tele. Mwaka 2005, kwa ushauri wa wachumi wa Chuo Kikuu cha Chicago wakiongozwa na Canice Prendergast, foleni iliondolewa na mnada ukawekwa mahali pake. Kila benki hupewa sarafu ya kubuni kulingana na idadi ya maskini wa eneo lake, nayo huitumia kushindania shehena inazozitaka. Benki maskini zikapata uwezo wa kuchagua, na watoaji wakaongeza chakula kwa kuwa kilichukuliwa upesi.

### Kituo cha mgao

Hatua ya mwisho ni ya jumuiya ya mahali. Kituo cha kawaida ni ukumbi wa kanisa au msikiti unaofunguliwa mara moja au mbili kwa wiki. Zamani mhitaji alikabidhiwa mfuko uliokwisha kujazwa. Siku hizi vituo vingi vimepangwa kama duka, ambapo mtu hupita na kuchagua mwenyewe. Mpango huo hupunguza upotevu, kwa sababu mwenye kisukari hachukui juisi ya sukari, Mwislamu au Myahudi hachukui nyama ya nguruwe, na asiye na jiko hachukui maharagwe makavu. Zaidi ya hayo, humwondolea mtu aibu ya kupangiwa chakula na mwingine.

## Sheria

Kwa muda mrefu hofu ya kushtakiwa iliwafanya wenye maduka watupe chakula badala ya kukitoa. Tarehe 1 Oktoba 1996 Rais Bill Clinton wa Marekani alitia sahihi sheria iliyopewa jina la mbunge Bill Emerson, inayomlinda mtu au kampuni inayotoa chakula kwa nia njema, isipokuwa kama kuna uzembe mkubwa au nia mbaya.

Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Sheria ya Februari 2016 inazikataza supamaketi zenye eneo la zaidi ya mita za mraba 400 kuharibu chakula kinacholika, nayo inazitaka ziwe na mkataba na mashirika ya hisani. Mwaka huohuo Italia ilipitisha sheria inayorahisisha utoaji kwa kupunguza taratibu za ofisi na kuwapa watoaji nafuu, badala ya kutumia adhabu.

Kuhusu dini, mipango inayotumia chakula cha serikali ya Marekani hairuhusiwi kumlazimisha mpokeaji asali, asikilize mahubiri au ajiunge na dhehebu ili apewe chakula. Kanuni hiyo imewezesha nyumba za ibada za imani tofauti kushirikiana katika ghala moja bila kushukiana.

## Nafasi ya jumuiya za dini na vikundi vya mahali

Kuna sababu kadhaa zinazofanya ushirikiano huo udumu.

Kwanza, jumuiya za dini zina majengo ambayo siku nyingi za wiki hayatumiki, tena yako hata katika vijiji na mitaa isiyo na ofisi ya serikali. Pili, zina watu waliozoea kujitolea bila malipo na kwa muda mrefu. Tatu, zinaaminiwa. Mtu anayeogopa ofisi, kwa mfano mhamiaji asiye na hati, anaweza kuthubutu kuingia katika nyumba ya ibada. Nne, zina taarifa ambazo hazipatikani katika takwimu: kiongozi wa jumuiya anajua ni mzee gani hajaonekana wiki nzima na ni nyumba gani imezimiwa umeme.

Vikundi vya mahali visivyo vya dini, kama vile vyama vya akina mama, vya wakulima na vya wapangaji, hutoa kile ambacho nyumba za ibada huenda zisiwe nacho. Huwafikia wasio na dini na wale waliogombana na dini yao, na huweza kuwatazama wagawaji ili chakula kisiishie kwa ndugu na marafiki. Upendeleo wa aina hiyo ni hatari inayojulikana popote pale ambapo mgao uko mikononi mwa watu wachache. Dawa yake ya kawaida ni orodha ya wazi, kamati yenye watu wa makundi mbalimbali na daftari linaloweza kukaguliwa.

## Uhakiki

Lawama ya kwanza inahusu lishe. Ziada ya viwanda mara nyingi ni vyakula vya sukari, chumvi na mafuta mengi, na wapokeaji wengi wana magonjwa yanayochochewa na vyakula hivyo. Kwa sababu hiyo benki nyingi zimejiwekea malengo ya mboga na matunda.

Lawama ya pili inahusu heshima. Kusimama kwenye foleni mbele ya majirani ni mzigo, na wahitaji wengi huona afadhali kukaa na njaa.

Lawama ya tatu ni nzito zaidi. Mwanasosholojia Janet Poppendieck, katika kitabu chake Sweet Charity? cha mwaka 1998, alidai kwamba mafanikio ya benki za chakula yamesaidia serikali kukwepa wajibu wake. Watoaji hujisikia wametimiza jambo, wanasiasa huona njaa inashughulikiwa, na swali la mishahara midogo, kodi za nyumba na misaada iliyokatwa halijadiliwi tena. Kwa hoja hiyo, haki ya mtu imegeuzwa kuwa zawadi, na zawadi haiwezi kudaiwa.

Watetezi hujibu kwamba mtoto mwenye njaa leo hawezi kusubiri sheria ya kesho. Takwimu zinatumiwa na pande zote mbili. Mwaka 2023, zaidi ya miaka 50 baada ya ghala la Phoenix kufunguliwa, wizara ya kilimo ya Marekani ilikadiria kwamba asilimia 13.5 ya kaya za nchi hiyo zilikosa uhakika wa chakula, ambayo ni sawa na watu milioni 47 hivi. Wengine huona hapo uthibitisho kwamba benki za chakula zinahitajika, wengine kwamba hazitoshi.

## Kutoka kugawa hadi kudai

Makundi kadhaa ya dini yamejaribu kuunganisha mambo hayo mawili. Arthur Simon, mchungaji wa Kilutheri katika mtaa maskini wa New York, aliona kwamba parokia yake ilikuwa ikiwasaidia wenye njaa mmojammoja bila idadi yao kupungua. Pamoja na Wakatoliki na Waprotestanti wengine alianzisha mwaka 1974 shirika la Bread for the World, ambalo haligawi chakula kabisa. Kazi yake ni kuwahimiza waumini wawaandikie wabunge wao barua kuhusu sheria na bajeti zinazogusa njaa, ndani na nje ya Marekani. David Beckmann, aliyeliongoza tangu 1991 hadi 2020, alikuwa mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2010.

Kwa upande wa Wayahudi, shirika la MAZON lilianzishwa mwaka 1985 kutokana na wazo la Leonard Fein, kwamba familia inayofanya arusi au sherehe nyingine itenge asilimia 3 ya gharama za karamu kwa ajili ya wenye njaa. Baadaye nalo liliongeza kazi ya kutetea sera.

Baadhi ya benki za chakula zimechukua njia hiyohiyo. Mtandao wa Uingereza ulioanzia Salisbury umetangaza kwamba lengo lake ni nchi isiyohitaji tena benki za chakula. Hukusanya takwimu za sababu zinazowaleta watu vituoni, kama vile kucheleweshwa kwa malipo ya ustawi, madeni na ugonjwa, na kuziwasilisha kwa serikali.

## Njaa na upotevu wa chakula duniani

Lengo la 2 kati ya Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa ni kukomesha njaa ifikapo mwaka 2030. Kadiri ya taarifa ya mashirika ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024, watu kati ya milioni 713 na milioni 757 walikabiliwa na njaa mwaka 2023. Wakati huohuo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa na kaya, maduka na mikahawa, yaani asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji.

Takwimu hizo mbili haziwezi kufutana kirahisi. Sehemu kubwa ya chakula kinachotupwa iko mbali na wenye njaa, na sehemu kubwa ya njaa kali inatokana na vita, ukame na umaskini wa vijijini, mambo ambayo ghala la mjini haliwezi kuyatatua. Katika nchi nyingi za Afrika tatizo si ziada ya maduka bali hasara ya mapema: mahindi yanayoingiwa na fukusi, maziwa yanayoganda kabla ya kufika sokoni, maembe yanayoozea chini ya mti kwa kukosa barabara. Kwa sababu hiyo benki za chakula za bara hili hufanya kazi karibu zaidi na shamba, na vikundi vya wakulima huwa na nafasi kubwa kuliko viwanda.